Nguzo Nane

Kabla ya taa za rangi, taa ilikuwa mimi.
Nilisimama katikati ya barabara ya Njoro,
gari kulia, gari kushoto, mwanga ukinichoma magoti,
na mkononi kitambaa cha mama cha kanisani,
cheupe, ili wakione.
Kikishuka, wanakwenda. Basi.
Sheria nyingine hatukuwa nayo.

Robo maili tuliipima kwa nguzo za simu:
nane, kutoka kalavati hadi mkaratusi uliopigwa na radi.
Huko mwisho alisimama Nyambane wa kiwanda cha betri
na tochi mbili, kila mkono yake,
betri mpya kila Jumamosi.
Hatukumuuliza alizipataje.

Datsun ya Chelule ilikuwa na mlango mmoja wa buluu
na mingine ya rangi isiyo na jina.
Viti vya nyuma aliving'oa ili iwe nyepesi,
akaviweka sebuleni kwake,
wageni wakavikalia wakinywa chai, mikanda ikining'inia.
Gurdev, fundi wa Bondeni, alileta Peugeot,
bisibisi sikioni, ncha yake juu ya injini,
macho kayafumba, asituambie alichosikia.
Dau: kreti ya soda.
Mara moja, mbuzi. Tulimfunga nguzo ya tatu,
akatafuna nyasi usiku kucha,
hakugeuza kichwa hata tulipopita na moto.

Kisha ubishi! Ubishi ndio uliokuwa mbio zenyewe.
"Pua yangu ilitangulia."
"Pua gani? Tochi iliyumba!"
Tukabishana hadi malori ya maziwa yakaanza kupita,
na mpaka leo sijui nani alishinda Machi ile,
Chelule au Gurdev.
Wote wawili wameingia kaburini
kila mmoja akijua ni yeye.

Chelule alitangulia.
Mkokoteni wa punda, hauna taa, nguzo ya sita,
umejaa kabeji za soko la asubuhi.
Kitambaa kilikuwa kimeshashuka.
Kitambaa ukikiangusha, unainama, unakiokota.
Nilikiokota.
Nilikifua mara tatu, na hakikuwa na kitu, vumbi tu.

Siku hizi wanakimbilia kiwanja cha zamani cha ndege,
nje ya mji, lami pana, polisi wenyewe wanauza maji.
Tiketi kwa simu, bangili ya karatasi mkononi,
fomu ya kutia sahihi kwamba ukifa umekubali.
Ambulensi ipo. Dereva wake amelala, kinywa wazi,
na mimi namtazama kwa shukrani
kuliko ninavyoyatazama magari.
Fundi hafungui boneti, anafungua kompyuta.
Wengine wamekuja kupiga picha moshi wa tairi,
wanaondoka kabla ya fainali.

Aliyenialika ni Jerop, mjukuu wa Chelule.
Subaru nyeusi, kofia ngumu, kucha za zambarau.
Enzi zetu mwanamke alishika kitambaa.
Hakuna aliyeniuliza kama najua kuendesha,
na trekta ya baba niliilimia tangu nina miaka kumi na miwili.

Njano. Njano. Njano.
Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshapanda juu,
peke yake, mtupu,
mtoto wa nyuma yangu akasema, shosho, hatuoni.
Kijani. Nikaushusha.

Alirudi na kikaratasi kama risiti ya dukani:
kumi na tatu, nukta, nne nane mbili.
Mwenzake: nne nane moja.
Hakuna aliyepaza sauti. Walipeana mikono,
wakaenda kutafuta chipsi.

Nilikisoma kile kikaratasi, nikakigeuza, nikakisoma tena.
"Nimeshindwa, shosho," akasema.
Nikamwambia: hapana,
tochi iliyumba.